Gundi ya mikanda ya milango imegoma kutoka upande wa dereva tu. Ni jua, baridi au fundi?

#1 Mnzovwe
Wakuu, habari za jioni. Nipo Nzovwe, Mbeya. Nina Carina Ti ya 1999, silva, niliinunua mwaka jana kwa mtu wa Mbalizi. Ile mikanda ya plastiki ya ubavuni, inayokinga milango isigongwe kwenye maegesho, ilikuwa imeanza kuachia. Mmoja ulikuwa unapigapiga kila nikiongeza mwendo. Jumamosi nikaamua kuitoa yote minne, nisafishe, nibandike upya kwa dabo tepu mpya.

Upande wa abiria haukunipa shida. Nililowesha kitambaa kwa petroli, nikakilaza juu ya gundi kama dakika kumi, ikalainika. Nikaisukuma kwa kidole gumba ikawa inajiviringisha kama tambi. Milango yote miwili nusu saa, safi.

Upande wa dereva ndiyo balaa. Gundi imekauka ikawa ukoko wa njano unaoelekea kahawia, mgumu kama ukoko wa ugali uliolala sufuriani. Petroli haikufanya kitu. Mafuta ya taa hayakufanya kitu. Taulo la maji ya moto, kucha, kadi ya benki iliyokwisha muda, vyote vimeshindwa. Jamaa mmoja pale Sido ameniambia nipige thina nimalize kazi, lakini rangi ya gari bado nzuri na sitaki kuiharibu.

Kwa nini upande mmoja tu? Na nitumie nini?

#2 Kabwe Juu
Thina. Dakika mbili umemaliza, unarudi hapa na mrejesho.

#3 Fundi wa Sae
Mnzovwe, usimsikilize wa hapo juu mpaka ujue una rangi gani. Mimi napiga rangi magari huu mwaka wa kumi na nne.

Rangi iliyotoka nayo kiwandani imeokwa kwenye tanuri na juu yake kuna klia, lile tabaka angavu la kuikinga. Ukiipangusa na thina haraka haraka inaweza kuvumilia, ingawa ukiacha thina ikae itafifia. Rangi ya kuchanganya na hadina, ile dawa ya kuigandisha, ikishakomaa, nayo inavumilia kiasi. Ila kama mlango ulishawahi kupigwa rangi isiyo na hadina, ile inayokauka kwa hewa tu, thina inairudisha kuwa maji. Utafuta gundi, rangi na praima kwa pamoja, mpaka ufike kwenye bati.

Fanya jaribio. Nenda ukingo wa chini kabisa wa mlango, kwa nje, mahali pasipoonekana. Kitambaa cheupe, thina kidogo, sugua mara tano au sita. Kitambaa kikitoka na rangi, au pale uliposugua pakianza kunata, thina iweke mbali. Na usijaribu mlango mmoja, jaribu yote minne. Huenda jibu la swali lako la kwanza liko hapo hapo.

#4 Kabwe Juu
Fundi, Hiace yangu naifuta na thina tangu 2015 na haijapata kitu.

#5 Fundi wa Sae
Hiace yako ni nyeupe, mkuu. Nyeupe inaficha mengi. Siku ikiwa na jua kali isimamie pembeni uitazame kwa mshazari, uone kama ubavu wote unang'aa sawa.

#6 Dada Miyomboni
Kamwene. Nipo Iringa mjini. Namuunga mkono Fundi wa Sae kwa lililonikuta mwenyewe.

Vaiza za madirisha ya gari langu, vile vikinga mvua vya plastiki vya juu ya vioo, zilikuwa zimevujisha gundi pembeni, ikawa inashika vumbi, na hapa kwetu na huu upepo vumbi halikosekani. Kijana aliyekuwa ananioshea gari akachukua thina kwa nia njema, akapangusa gundi na vaiza yenyewe. Plastiki ikaingia ukungu palepale. Baada ya siku mbili ikawa na nyufa nyembamba kama utando wa buibui, na mbili zilipasuka kabisa nilipofunga mlango. Nilikuja kuambiwa kuwa ile ni akriliki, haipatani na thina, na hata spiriti inaweza kuipasua hasa pale ilipopindwa kwa nguvu. Taa za mbele za plastiki nazo ni hivyohivyo.

Kwa hiyo Mnzovwe, chochote utakachotumia, raba za madirisha na kila plastiki iliyo karibu zizibe kwanza kwa tepu ya karatasi ya mafundi rangi.

#7 Mnzovwe
Asante dada. Hilo la kuziba sikulifikiria kabisa, na petroli ilikuwa inachuruzika mpaka chini.

#8 Mwalimu wa Kemia
Naomba niingie hapa kwenye "kwa nini", maana watu wengi wanarukia dawa kabla ya kujua ugonjwa.

Dabo tepu si aina moja. Ile ya magari iliyo nzuri, yenye sponji ya kijivu au nyeusi katikati, gundi yake ni ya akriliki. Inavumilia jua na mvua miaka mingi, na hata ikizeeka mara nyingi hubaki laini ndani. Tepu rahisi, zile za sponji nyeupe zinazouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ofisini, nyingi gundi yake ni ya jamii ya raba. Hizi zinashika haraka lakini haziliwezi jua. Mionzi ya jua na hewa huzibadilisha: kwanza gundi inalainika na kunata, kisha inakauka, inageuka njano na mwisho inakuwa ukoko. Ikishafika hatua ya ukoko, petroli haina tena kitu cha kulainisha. Petroli inafanya kazi kwa kupenya kwenye gundi na kuivimbisha. Gundi iliyokwisha kujifunga yenyewe kwa yenyewe haipenyeki kirahisi.

Sasa sisi tuko juu. Mbeya ni kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na mionzi hii ya jua (ya urujuanimno) inaongezeka karibu asilimia 10 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Ubaridi wetu unawadanganya watu wakadhani jua letu ni pole.

Na kuhusu upande mmoja: Mbeya iko karibu nyuzi 9 kusini mwa ikweta. Kuanzia mwishoni mwa Februari mpaka katikati ya Oktoba, jua la mchana kwetu linapita upande wa kaskazini. Gari likiegeshwa mahali palepale kila siku, ubavu unaotazama kaskazini unapigwa jua miezi karibu minane kwa mwaka. Naamini ubavu wa dereva wa gari lako ulikuwa unatazama huko kwa miaka.

#9 Dereva wa Tunduma
Mwalimu umeeleza vizuri, ila hilo la upande nina shaka nalo. Mimi nakwenda Tunduma na kurudi Mbeya siku nne kwa wiki. Kwenda, kaskazini iko kulia kwangu, na kurudi iko kushoto. Jua linagawana. Milango yangu imepauka sawa pande zote.

#10 Mwalimu wa Kemia
Wewe gari lako linatembea, kaka. Gari la mtu wa ofisini linasimama kutwa, na linasimama pale pale. Mnzovwe, unaegesha wapi?

#11 Mnzovwe
Mimi naegesha chini ya mparachichi, kivuli muda wote. Mwenye gari wa kwanza sijui alikuwa anaegesha vipi, nitamuuliza.

Nimefanya jaribio la Fundi wa Sae asubuhi hii. Milango ya upande wa abiria yote miwili kitambaa kimetoka safi. Mlango wa mbele wa dereva kimetoka safi. Mlango wa nyuma wa upande wa dereva kimetoka na silva! Kidogo, lakini imeonekana. Ila ukoko uko kwenye milango yote miwili ya upande huo, si huo wa nyuma tu. Nimezidi kuchanganyikiwa.

#12 Fundi wa Sae
Hujachanganyikiwa, umepata ushahidi. Mlango wa nyuma ulishapigwa rangi, tena ya bei rahisi. Ili upigwe rangi, mkanda ulitolewa. Na fundi akitaka rangi ya mlango wa nyuma ifanane na wa mbele, mara nyingi anatoa na mkanda wa mbele ili apolishi milango yote miwili. Baadaye akairudisha na gundi aliyokuwa nayo. Kwa hiyo upande wa abiria una gundi ya kiwandani, upande wa dereva una gundi ya gereji. Jua halihusiki.

Sasa ujue ni gundi gani. Bonyeza kwa ukucha. Ukiingia na gundi ikarudi kama raba, hiyo ni silikoni, na silikoni haiyeyuki kwa petroli wala thina. Inavimba kidogo tu, unaikwangua kwa plastiki polepole. Ikivunjika vipande vyenye ncha kama kioo, ni ile gundi ya kichupa kidogo inayoshika vidole. Ikiwa ngumu kama jiwe na haivunjiki, ni ile ya mirija miwili ya kuchanganya, na hiyo hakuna dawa ya kuiyeyusha bila kula rangi.

Kama ni silikoni niambie mapema kabla hujapeleka gari kwa mtu wa rangi. Silikoni ikibaki hata kidogo, rangi mpya haikai. Inakimbia na kuacha vijicho vya mviringo kama macho ya samaki. Nimeshawahi kurudia bampa zima mara tatu kwa sababu hiyo.

#13 Mnyalukolo
Wote mnazunguka. Mwezi wa saba huu, tatizo ni baridi. Gundi yoyote ikipoa inakuwa ngumu. Mimi Mafinga nilihangaika asubuhi nzima na nembo ya mlango wa nyuma, haikusogea. Nikaenda kula, narudi saa nane mchana bati limepata jua, nembo ikatoka kwa mkono. Anza kazi saa sita, acha kuamka nayo alfajiri.

#14 Mama Makambako
Mnyalukolo, mimi nimeona kinyume chake. Hapa Makambako mwezi wa sita, saa moja asubuhi, kukiwa na baridi ile ya kweli, nilitoa gundi ya stika kwenye bodi la pikapu ya shambani kwa kuigonga tu na ukingo wa rula ya plastiki. Ilikuwa inabanduka vipande vipande. Mchana yake ilikuwa inanata na kuvutika, ikawa inanichafulia kila nilipoigusa.

Na tafadhali wanaotumia petroli: wiki iliyopita nimemkuta kijana anasafisha gari kwa petroli hatua tano kutoka kwenye jiko la mkaa. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini, hauhitaji mtu aisogeze chupa motoni. Fanyia nje, palipo wazi, mbali na jiko na sigara, na vitambaa ulivyotumia usivirundike ndani.

#15 Kabwe Juu
Kwa hiyo mmoja anasema baridi inazuia, mwingine anasema baridi inasaidia. Tumshike nani?

#16 Mama Makambako
Gundi yake na yangu si moja, mwanangu. Yake ilikuwa bado hai, yangu ilishakufa.

#17 Mkulima Rungwe
Ndaga. Sijaona mtu ametaja mafuta ya kula. Nilitoa gundi ya urembo wa bampa la nyuma kwa mafuta ya alizeti. Unapaka, unafunika na nailoni ili yasikauke, unaacha usiku kucha. Asubuhi unasukuma na kipande cha mbao laini kilichofungwa kitambaa. Hayali rangi, hayali plastiki, hayawaki moto ovyo. Mafuta ya parachichi nayo nimeyajaribu, yanafanya kazi ileile.

#18 Dereva wa Tunduma
Rungwe nyie parachichi mnazo mpaka mnapaka magari! Huku tunazisubiri sokoni.

#19 Mkulima Rungwe
Karibu Tukuyu mkuu, utaondoka na gunia.

#20 Fundi wa Sae
Mkulima yuko sahihi kwa gundi laini. Nyongeza moja: mafuta yakishatumika lazima yaoshwe kwa sabuni ya vyombo mara mbili, na mwisho upanguse kwa spiriti. Yakibaki, dabo tepu mpya itakaa wiki moja tu. Na raba nyeusi za madirisha usiziachie mafuta usiku kucha, zitavimba.

#21 Sao Hill
Mimi natoka kwenye misindano huku Mufindi. Utomvu unaogemwa kwenye miti ukikenekwa unatoa tapentaini, na tapentaini ninayo muda wote kwa ajili ya rangi za mafuta za nyumba. Kwa gundi ya zamani naiona ni bora kuliko petroli kwa sababu hairuki haraka. Petroli unaimwaga, dakika mbili imepotea hewani. Tapentaini inakaa, inafanya kazi. Mnzovwe alisema aliacha kitambaa dakika kumi. Kwa petroli, dakika kumi ukihesabu kweli ni tatu.

Mafuta ya mkaratusi pia ni mazuri kwa gundi za stika, ila chupa ni ndogo na bei yake ni ya dukani. Hayo yatumie kwenye nembo, si kwenye milango minne.

#22 Mwalimu wa Kemia
Sao Hill ametaja jambo la maana. Muda wa kukaa una uzito kuliko ukali wa dawa. Ndiyo maana Mkulima anafaulu kwa mafuta ya alizeti ambayo ni dhaifu kabisa. Jaribio la Mnzovwe la mafuta ya taa lilikuwa la muda gani?

#23 Mnzovwe
Nilipaka na kusugua hapo hapo. Hayo mafuta ya taa yenyewe nilitafuta siku mbili, nikapata nusu lita kwa jirani.

#24 Mzee wa Uyole
Yameadimika tangu 2011 serikali ilipoyapandishia kodi ili watu waache kuchakachua dizeli. Kabla ya hapo kila nyumba ilikuwa na dumu, na mafundi wote wa enzi zetu walisafishia kwa mafuta ya taa: injini, mikono, gundi, kila kitu.

Kwa stika, nyie vijana hamkuhangaika kama sisi. Kila mwaka kioo cha mbele kilikuwa na stika mpya ya ada ya gari mpaka ilipofutwa mwaka wa fedha 2017/18, na nyingine za zimamoto na za wiki ya Nenda kwa Usalama. Zikipangana tano unakaa nusu siku. Maji ya sabuni na wembe mpya ulioulaza, basi.

#25 Dada Miyomboni
Shikamoo mzee. Naomba niongezee tu kwa atakayesoma haraka: wembe ni wa kioo peke yake. Usipite kwenye rangi wala plastiki. Na kioo cha nyuma chenye zile nyaya nyembamba za kuondoa ukungu, wembe unazikata.

#26 Mzee wa Uyole
Marahaba. Umesema kweli, nilimaanisha kioo cha mbele.

#27 Mnzovwe
Mrejesho wa Jumamosi, wakuu. Nimechukua draya la mke wangu la nywele kwa ruhusa yake, nikafuata ushauri wa kuziba raba.

Mlango wa mbele wa dereva: nimepasha joto sehemu ya urefu wa kiganja, nikiweka mkono kila mara kuhakikisha bati halijafika mahali mkono unashindwa kuvumilia. Ukoko wa juu haukulainika, lakini chini yake kumbe kuna safu ya pili, sponji ya kijivu, ambayo ililainika. Nikapitisha mshipi wa kuvulia samaki nyuma yake nikiuvuta kushoto na kulia kama msumeno. Ukoko na sponji vikatoka kwa pamoja. Kilichobaki ni utando mwembamba unaonata, nikaulaza na tapentaini nusu saa chini ya nailoni. Umetoka wote. Rangi ni nzima kabisa, nimefurahi mno.

Mlango wa nyuma: hakuna sponji. Ukoko umekaa juu ya rangi moja kwa moja. Ukucha hauingii. Nilipokandamiza ukingo na kadi, kikavunjika kipande kidogo kama chembe ya kioo, na kimetoka na rangi kidogo. Nikaacha hapo hapo.

#28 Fundi wa Sae
Gundi ya kichupa kidogo. Nilisema. Mlango wa mbele yule fundi alibandika gundi yake juu ya tepu ya zamani, wa nyuma akabandika juu ya rangi mpya.

Hiyo inayeyushwa na asetoni, ile iliyomo kwenye dawa nyingi za kuondolea rangi ya kucha, lakini kwa rangi iliyotoka kwenye kitambaa ukiijaribu asetoni utaona bati. Acha.

#29 Mwalimu wa Kemia
Fundi, naheshimu uzoefu wako, lakini hilo halijathibitika. Tepu ya raba iliyopigwa jua miaka mingi nayo inavunjika kama kioo. Sponji yake huoza ikawa unga, mvua ikauosha, ikabaki gundi tupu juu ya rangi. Na ukoko wa juu wa mlango wa mbele unaweza kuwa tepu ya pili tu, iliyobandikwa juu ya ya kwanza. Maelezo yote mawili yanatoa kilekile alichokiona.

#30 Fundi wa Sae
Sponji kuoza chini ya mkanda wa plastiki? Jua linafikaje pale? Mkanda wenyewe ni kivuli.

#31 Mwalimu wa Kemia
Linafika ukingoni, na mkanda ulikuwa umeshaachia. Mwenyewe amesema ulikuwa unapigapiga.

#32 Mnyalukolo
Na alifanya kazi saa ngapi Jumamosi? Maana draya ni joto, na joto ndilo nililosema toka mwanzo.

#33 Mnzovwe
Saa saba mchana, mkuu. Hapo una pointi yako.

#34 Kabwe Juu
Nimefuata ushauri wa #5 nikasimama pembeni ya Hiace juani. Fundi wa Sae una macho. Pale ninapofutaga thina pamekuwa kama chokaa. Kuna dawa?

#35 Fundi wa Sae
Ipo. Kompaundi laini, ile dawa ya kusugulia rangi, kisha polishi, kwa mkono, na usisugue sana kwenye kingo kwa sababu klia huko ni nyembamba. Kama klia imeshaondoka, kompaundi haiwezi kuirudisha. Njoo Sae nione.

#36 Juu ya Forest
Kuna lile gurudumu la raba la kufunga kwenye drili, linakula gundi kama kifutio cha penseli. Nilimwona mtu analitumia kwenye stika za lori, mita mbili za mstari kwa robo saa. Mnzovwe, lingekufaa kwa mlango wa nyuma.

#37 Fundi wa Sae
Kwa lori lenye rangi ya kiwandani, sawa, mwendo mdogo na bila kukaa sehemu moja, maana linachoma. Kwa mlango unaotoa rangi kwenye kitambaa, hapana. Na kwenye plastiki kamwe, linaiyeyusha.

#38 Mama Makambako
Mnzovwe, na mikanda yenyewe umeisafisha? Nyuma yake lazima kuna gundi pia. Mikanda ni plastiki, usiiloweke kwenye thina ikajikunja.

#39 Mnzovwe
Niliiloweka kwenye beseni la maji ya moto sana, moto wa jiko, kisha nikavuta tepu kwa koleo polepole. Imetoka karibu yote.

#40 Mwalimu wa Kemia
Vizuri. Na hapa mwinuko unatusaidia kidogo: maji Mbeya yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, hayafiki 100. Hata hivyo usimwage maji yaliyotoka kuchemka moja kwa moja kwenye mkanda mrefu, unaweza kupinda na usirudi kukaa sawa na mlango.

#41 Dereva wa Tunduma
Kwa hiyo ndiyo maana maharage ya Mbeya hayaivi!

#42 Mkulima Rungwe
Yanaiva mkuu, unayapika na haraka zako za mpakani.

#43 Sao Hill
Turudi kwenye gari. Mnzovwe, wakati wa kubandika upya, usibandike asubuhi. Dabo tepu nzuri ya akriliki inataka bati lenye joto. Chini ya nyuzi 10 haishiki vizuri hata ukikandamiza vipi, na asubuhi zetu za mwezi huu zinafika huko. Osha, kausha, pangusa na spiriti, pasha mlango kidogo kwa draya, bandika, kandamiza kwa nguvu urefu wote. Kisha usioshe gari siku tatu. Gundi ya aina ile inachukua kama saa 72 kufikia nguvu yake yote.

Na piga mstari kwanza kwa tepu ya karatasi. Mkanda ukipinda, kuutoa ni kuanza uzi huu upya.

#44 Mnzovwe
Nimeandika kwenye daftari. Tatizo jipya: milango niliyosafisha ina kivuli. Pale mkanda ulipokuwa rangi inang'aa zaidi, juu na chini yake imepauka. Si gundi, nimepitisha kidole ni laini kabisa.

#45 Fundi wa Sae
Hiyo ni rangi iliyofunikwa isipigwe jua. Ukibandika mkanda palepale haitaonekana. Usiipoteze kwa kompaundi, iache ikuongoze mahali pa kubandikia.

#46 Mwalimu wa Kemia
Na upande gani kivuli kimekolea zaidi?

#47 Mnzovwe
Wa dereva, mwalimu. Mlango wa mbele, ule wenye rangi ya kiwandani. Kimekolea kuliko upande wote wa abiria.

#48 Mwalimu wa Kemia
Basi jua lilikuwa upande huo. Sina zaidi.

#49 Fundi wa Sae
Jua lilipausha rangi, sikatai. Gundi ni ya fundi.

#50 Mnzovwe
Nimempigia mwenye gari wa kwanza. Anasema hajawahi kupiga rangi mlango wowote, gari alilipokea bandarini Dar es Salaam likiwa hivyo, na kwake lilikuwa linaegeshwa mbele ya duka likitazama barabara. Nimemuuliza barabara iko upande gani wa duka, akasema magharibi.

#51 Dereva wa Tunduma
Likitazama magharibi, upande wa dereva unatazama kaskazini. Mwalimu amka!

#52 Fundi wa Sae
Na kama halikupigwa rangi hapa, lilipigwa huko lilikotoka, na rangi ile kule haipigwi bila hadina. Ingekuwa hivyo, kitambaa kisingetoka na silva. Huyo bwana amesahau, au hakuambiwa na aliyekuwa akimwendeshea.

#53 Mnzovwe
Mlango wa nyuma nimeupaka mafuta ya alizeti, nimefunika na nailoni, nabadilisha kila jioni. Leo siku ya tatu. Ukingo mmoja umeanza kuinuka, upana wa punje ya mchele, na rangi chini yake imebaki. Mikanda ya milango mingine mitatu naibandika kesho saa saba.

#54 Mkulima Rungwe
Ndaga fijo. Usiuvute. Acha ujiinue wenyewe.